Sekunde Moja ya Mzee Tokuji

Makosa ya kamera nimeyafanya yote, na mengine nimeyarudia ili kuhakikisha. Nimepiga harusi nzima kamera ikiwa haina filamu. Nimefungua mgongo wa kamera juani nikidhani mkanda umekwisha, kumbe ulikuwa nusu, na mtoto wa watu akabaki na siku yake ya kwanza ya shule ikiwa nyeupe kama maziwa. Kiwanda kimoja cha Tokyo kilinifukuza, studio mbili zikanifukuza, ya tatu ikafungwa kabla haijapata nafasi ya kunifukuza. Nilipofika miaka thelathini na mmoja nikarudi kwetu milimani, Niigata, kurithi studio ya mjomba wangu. Mjomba alikuwa ameshakufa, hakuweza kukataa.

Hayo nayasema nikicheka. Liko moja ambalo kicheko hunikauka nikilifikia.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1974, theluji imefika madirisha ya juu. Asiyeishi na theluji hudhani tabu yake ni baridi. Kwa mpiga picha tabu yake ni weupe. Kipima mwanga kikiiona kinadhani dunia nzima inawaka, kinakwambia punguza; ukikitii unapata watu weusi tititi waliosimama juu ya theluji ya kijivu. Yaani kikikwambia punguza, wewe ndiyo uongeze. Mwaka wangu wa kwanza nilikitii. Kuwabara, kinyozi wa jirani, aliitazama picha ya familia yake, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Seishiro, hawa ni wanangu au ni kunguru?"

Basi jina langu likawa hilo, Mpiga Kunguru, na wala sikulichukia.

Tarehe kumi na tano ya mwezi huo ndiyo siku ya moto. Tunarundika mabua ya mpunga pamoja na mapambo ya mwaka mpya, tunayawasha, na kila mtu anachoma mochi yake, lile donge la wali uliotwangwa, kwenye ncha ya fimbo. Anayekula mochi ya moto ule haumwi wala hadhuriki mpaka mwaka uzunguke. Kisha tunachota majivu na masizi, tunayachanganya na theluji, tunapakana usoni na kupongezana. Hasalimiki mtu, awe mwenyekiti wa kijiji, awe mtawa wa hekalu. Mwaka huo mwenyekiti alitaka picha ya watu wote mbele ya moto, itundikwe kwenye ukumbi wa mikutano.

Saa kumi na moja jioni nilisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Kwanza niliupiga moto peke yake. Niliweka gurudumu la kasi kwenye sekunde nzima, ili ndimi za moto zijichore kama nywele za mwanamke zinapopeperuka. Halafu watu wakajipanga. Nikafunga flashi, nikapima umbali kwa hatua, nikarekebisha lenzi, nikahesabu vichwa. Vyote nilivikumbuka. Gurudumu la kasi sikuligusa. Ukitumia flashi lazima lirudi kwenye sitini, yaani kipande kimoja tu cha sekunde iliyokatwa vipande sitini. Pale sitini mjomba alikuwa ametia doa la rangi nyekundu kwa ajili ya wajinga. Mimi nilikuwa nimevaa glavu nene, na doa sikuliangalia.

"Kunguru!" Kuwabara akaniita kutoka mstari wa nyuma. "Leo utuonyeshe sura zetu!"

"Leo nyote mna masizi," nikamjibu. "Nikikosea nani atajua?"

Wakacheka. Mwishoni kabisa mwa mstari, mkono wa kulia, alisimama Mzee Tokuji Onozuka, mtengeneza geta, vile viatu vya mbao, mtu ambaye hata supu hakuwahi kuingoja ipoe. Uso wake wote ulikuwa masizi matupu. Walikuwa wamemshika watu watatu wakampaka. Mkononi ana fimbo, na ile mochi kwenye ncha ilikuwa imeshika moto upande mmoja.

"Fanya haraka, kijana! Chakula kinaungua!"

"Tabasamu basi, mzee."

"Nitabasamu na nini? Meno yako nyumbani!"

Nikabonyeza. Flashi ikawaka. Kamera ile, ukishabonyeza, kioo chake hujifunga, huoni kitu mpaka iishe kazi. Kwa hiyo sikuona, nilisikia tu. Nilisikia *chak*, kisha kimya, kisha *chak* ya pili. Kati ya hizo mbili palikuwa na nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Moyo ukaniambia, Seishiro, umelikoroga. Lakini kijiji kilishatawanyika kuendelea kupakana masizi, na mtu mmoja alikuwa ananimiminia theluji shingoni.

Siku tatu baadaye nikaisafisha filamu. Nilipoichapa picha ile, nikaona watu ishirini na tisa wamesimama imara, weusi nyusoni lakini wazima. Mwenyekiti hakuwa ametikisika, na pale kwetu mwenyekiti asipoondoka haondoki mtu. Wa thelathini alikuwa Mzee Tokuji.

Alikuwepo na hakuwepo. Koti lake lilionekana kama pazia la neti, na moto uliokuwa nyuma yake ulipita ndani ya kifua chake ukatokea mbele. Miguu ilikuwa ya moshi. Uso hakuwa nao kabisa. Pale uso ulipopaswa kuwa, palikuwa na ndimi za moto.

Nilicheka, nakiri. Nilicheka kwa aibu, kwa kuwa nilijua mara moja nilichofanya. Kuwabara aliingia kuomba moto wa sigara, akaiona ikining'inia kwenye kamba.

"Huyu nani?"

"Mzee Tokuji."

"Mbona unamwona mpaka nyuma?"

"Ni kosa langu. Nitaitupa."

Sikuitupa. Siku ya tisa baada ya moto, Mzee Tokuji alipanda peke yake juu ya paa kuondoa theluji. Theluji ikateleza nzima, ikamchukua, ikamwangukia. Walimfukua mchana, fimbo za kutafutia zikiwa zimetoboa ua wote.

Kufika jioni Kuwabara alikuwa amenyoa vichwa vinane, na vichwa vinane vilikuwa vimeisikia habari ya picha.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Waliozoea kunitania wakaanza kuvuka barabara wakiniona. Nikitokea na kamera begani, akina mama wanawavuta watoto ndani. Walionipenda ndio waliokuwa wabaya zaidi: mke wa mwenyekiti alinifuata dukani akaninong'oneza.

"Seishiro, hebu njoo umpige mama mkwe wangu."

"Kwa sherehe gani, mama?"

"Hakuna sherehe. Nataka tu kujua kama anaonekana vizuri."

Wengine walisema kamera ya mjomba inaona wanaoondoka. Wengine walisema inawaondoa. Nilicheka nao, nikitoka hapo najifungia chumba cha giza na kuogopa kutia karatasi kwenye dawa. Kila picha inapoanza kuiva, kabla sura hazijatokea, kuna dakika ambapo karatasi ina vivuli tu. Katika kila karatasi, hata ya paka wa posta, nilikuwa nauona moto kwanza.

Wiki ya pili baada ya maziko, mjane wake akaja. Bi Fusa alikuwa mfupi, mkali, na goti lake moja bovu. Kijiji kizima kilimjua kwa sauti. Siku hiyo sauti hakuja nayo. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Nasikia unayo."

"Mama, ile si picha ya kuonyesha mtu."

"Mume ni wangu au wako?"

Nikaitoa. Aliitazama muda mrefu sana. Nilingoja alie, au anipige nayo usoni. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa kuni mgongoni.

"Kumbe," akasema. "Kumbe alikuwa ameshaanza kwenda."

Akaishusha picha mapajani.

"Asubuhi ile nilimgombeza mimi, Seishiro. Nilimwambia paa litatuangukia na wewe umekaa unakunywa chai. Nikamnyang'anya kikombe. Akataka kumngoja mtoto wa jirani waende wawili, nikamwambia, wewe siku zote unangoja nini? Tokuji! Mtu asiyengoja chochote! Akapanda. Nikiwa jikoni nikasikia kishindo. Unajua nilisema nini? Nilisema, haya, sasa anafanya kazi. Nikaendelea kukata figili."

Akaiweka ile picha mezani taratibu.

"Lakini kama alikuwa ameshaanza kwenda tangu siku ya moto, basi hata nisingesema neno angekwenda. Au sivyo?"

Kosa la pili nililifanya hapo, na hili halikuwa la kamera. Nilijibu, "Huenda, mama."

"Nikuzie iwe kubwa. Siku ya arobaini na tisa, tukimwombea, nitaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani."

Nikaikuza. Ilikuwa na dosari moja upande wa kulia, mstari mwembamba mweupe uliotoka kwa Mzee Tokuji mpaka ukingoni. Nikajua ni ukucha wangu umekwaruza filamu, ndiyo kawaida yangu. Nikachukua brashi na wino nikaufuta nukta kwa nukta, kazi pekee ya studio ambayo hakuna aliyewahi kunifukuzia. Hata ukisogeza kioo cha kukuzia huoni kitu. Nikajisifu hata.

Lakini sikulala vizuri. Uongo wangu ulikuwa umevaa fremu. Nilijiambia, mwache mama wa watu apumzike, wewe hujasema lolote ila "huenda". Halafu nikakumbuka ninavyolijua jambo lenyewe: kwamba Mzee Tokuji hakuwa anakwenda kokote isipokuwa pembeni. Nikataka hakika. Mchana mmoja nikafunga madirisha ya studio, nikawasha taa ya mafuta juu ya rafu ya vikombe, nikajipaka masizi ya jiko usoni, nikaweka gurudumu kwenye sekunde nzima na kitufe cha kujipiga mwenyewe. Nikasimama mbele ya rafu. Flashi ilipowaka tu, nikatoka.

Nilikuwa najua nitakachokiona. Kichwa kilijua hesabu yake yote: flashi hukupiga chapa mara moja, na sekunde iliyobaki kamera inaendelea kutazama. Ukiondoka, inaona kilichokuwa nyuma yako na inakichora juu yako. Uso wenye masizi haurudishi mwanga wa flashi, kwa hiyo uso ndio unaokwenda wote. Hesabu safi. Lakini karatasi ilipoiva ndani ya dawa, nikajiona nimesimama pale, vikombe sita vya mjomba vinapita ndani ya kifua changu, na taa inawaka mahali pa macho yangu. Niliitoa mikono kwenye dawa nikaegemea ukuta. Sikumbuki nilikaa muda gani. Nakumbuka tu nilijishika kifua, kuhakikisha hakipitiki.

Siku mbili kabla ya ile arobaini na tisa, nikambebea Bi Fusa picha zote mbili, ya kwake na yangu. Alinikaribisha kwenye meza ya blanketi, makaa yakiwaka chini, akanisogezea chai na figili za chumvi. Nikamweleza. Nilimweleza kama mtu anayetapika, bila kupanga: moto, glavu, doa jekundu, sekunde. Nikamwonyesha mimi mwenyewe na vikombe kifuani.

Aliitazama yangu. Akaitazama ya mumewe.

"Kwa hiyo hukuona kitu."

"Nilikosea tu, mama."

"Hakuwa anaondoka."

"Alikuwa anatembea. Aliona flashi akadhani nimemaliza. Unamjua mwenyewe."

Akavuta blanketi mpaka kifuani. Nje, kwenye paa la ghala, theluji iliteleza ikaanguka kwa kishindo, na sisi wawili tukaruka. Bi Fusa akabaki ameuelekezea uso mlango wa jikoni, mdomo wazi, kana kwamba kuna neno anataka kulirudisha.

"Basi ni mimi," akasema.

"Mama..."

"Ni mimi niliyempandisha. Ungeniachia ile, Seishiro. Ungenyamaza tu."

Nimepigwa na maisha makofi mengi, nikajifunza kuchekesha kabla kofi halijatua. Pale sikupata hata kichekesho kimoja. Nikakusanya vitu vyangu. Nilikuwa nimeinama mlangoni navaa viatu vya theluji aliposema nyuma yangu, ile sauti yake ya zamani imerudi kidogo, ile ya kugomba:

"Na alikuwa anakwenda wapi?"

"Wapi?"

"Umesema alitembea. Mwenyekiti hajaondoka, mtawa hajaondoka, yeye peke yake ameondoka. Mtu akitembea anakwenda mahali. Kwenda wapi?"

Nilikuwa nusu ya njia kurudi nyumbani nilipousikia mguu wangu umesimama wenyewe kwenye theluji. Fimbo. Mochi iliyokuwa inawaka. Ule mstari mweupe.

Nikakimbia, nami si mtu wa kukimbia.

Mashine ya kukuzia ya mjomba ilikuwa na kishikio cha bati cha kubania filamu, na tundu la bati lile lilikuwa dogo kuliko picha yenyewe. Lilimega kingo pande zote nne. Mjomba alichapa hivyo miaka arobaini, nami nikarithi kumega. Nikalitoa bati, nikaibana filamu kwa vioo viwili, picha ikashuka nzima mpaka kwenye mashimo ya ukingo wake. Mstari haukuwa ukucha. Ukucha unanyooka. Huu ulikuwa unapanda na kushuka kidogo, hatua mbili na nusu za mzee aliyeshika fimbo yenye moto nchani, anakwenda haraka, anauchora mwanga hewani. Ulitoka mkononi mwake, ukavuka theluji, ukafika mahali ambapo siku zote bati lilipamega. Pale ukingoni, ukimulikwa na moto wa mabua, palikuwa na mkono ulionyooshwa kupokea, na kipande cha mkono wa kimono ya kazi chenye vimraba.

Nilikuwa nimemfutia njia yake kwa brashi, nukta kwa nukta.

Kesho yake Bi Fusa aliikamata picha mpya kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Hakuniuliza ule mkono ni wa nani. Kimono ile alikuwa ameivaa.

"Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kreti," akasema. "Goti lilikuwa linauma. Alikuja na mochi imeungua upande mzima. Nikamwambia, hii nayo ni ya kumpa mtu? Akanipaka masizi puani."

"Uliila?"

"Niliila. Niliila yote. Yeye alikuwa na ile moja tu. Alisema atachoma nyingine, lakini moto ukawa umeshakufa."

Nilitaka kumwambia kwamba mochi ni mochi. Nadhani nilifungua mdomo. Yeye alikuwa anafuata ule mstari kwa kidole, kutoka kwa mtu asiye na uso mpaka kwenye mkono wake mwenyewe, halafu anarudi mwanzo, halafu anaufuata tena.

"Paa ni mimi," akasema. "Hilo halifutiki, na wewe usilete brashi yako. Lakini hii hapa," akagonga ukingo wa karatasi, "hii hapa usiikate. Hata kidogo."

Ndiyo iliyokaa kwenye madhabahu siku ya arobaini na tisa. Waliokuja waliinama, wakafukiza ubani, wakaitazama, wakatazamana. Kuwabara alikuwa wa kwanza kuelewa, na kwa kuwa aliyaelewa yeye, kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimeelewa. Nikarudi kuwa Mpiga Kunguru. Mwenyekiti alitangaza mbele ya watu kwamba mimi si mtabiri, ni mzembe, na sijawahi kusikia tusi tamu namna ile.

Tangu siku hiyo, flashi yangu ikiwaka nahesabu moja kwa sauti na kuwaambia watu, "Bado!" Watoto wananiigiza. Doa jekundu la mjomba nimelipaka upya mara kumi.

Mwaka uliofuata, siku ya moto, Bi Fusa alinijia na fimbo ina mochi mbili.

"Nipige," akasema. "Weka ile yako ya makosa. Sekunde nzima."

"Mama, utatikisika."

"Sitatikisika."

Akasimama mbele ya moto, masizi puani, akiwa ameacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia. Nikabonyeza. *Chak.* Nikahesabu. Alisimama imara kama jiwe, mkono mmoja ameunyoosha kidogo pembeni. *Chak.*

Picha ilitoka vizuri, pengine ndiyo bora niliyowahi kupiga. Bi Fusa yuko kamili, hapitiki popote. Pembeni yake kuna moto, theluji, na ile nafasi. Yeye mwenyewe alifariki miaka saba baadaye, kitandani, akigomba. Picha imebaki kwangu. Nimeichapa bila bati, mpaka kwenye mashimo ya filamu, nikaipitishia kioo cha kukuzia kila pembe. Katika ile nafasi hakuna kitu.

Jana niliitazama tena.